Utofauti wa kijenetiki wa protini za VVU: maana yake na kwa nini jamii zisizochunguzwa zina uzito

VVU ni jina moja linalobeba ukoo mzima. Hata ndani ya damu ya mtu mmoja, virusi havifanani vyote. Herufi za vinasaba vyao hubadilika, na baadhi ya mabadiliko hayo hugeuza amino asidi zinazounda protini za kirusi. Tofauti hizo, tukizitazama kati ya kirusi na kirusi, mtu na mtu, jamii na jamii, ndizo tunazoziita utofauti wa kijenetiki wa protini za VVU.

Chanzo chake ni kunakili ovyo. Vinasaba vya VVU ni mnyororo mfupi, herufi kama 9,700 tu, lakini kimeng'enya kinachozinakili hakirudi nyuma kusahihisha makosa. Mtu asiyetumia dawa huzalisha virusi wapya takriban bilioni 10 kwa siku, kwa hiyo makosa hayo hurundikana upesi. Tena, virusi wa aina mbili wakiingia seli moja, hubadilishana vipande na kuzaa chotara.

Protini hazibadiliki kwa kiasi kimoja. Env, iliyo kwenye ganda la nje, huvumilia mengi: kati ya aina ndogo mbili (matawi ya ukoo wa VVU, yanayopewa herufi kama B na C), amino asidi zake huweza kutofautiana kwa asilimia 25 hadi 35. Protini za Gag zinazojenga kiini cha kirusi zina nafasi finyu zaidi, maana badiliko baya hukivuruga kiini chenyewe.

Hapa ndipo jamii inapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Seli za kinga hutambua vipande vya protini za kirusi kwa msaada wa molekuli za HLA, ambazo kila mtu huzirithi kwa wazazi wake. Wenye HLA-B57, kwa mfano, hukishambulia kipande fulani cha Gag. Mara nyingi kirusi hujinusuru kwa kugeuza amino asidi ya 242, kutoka treonini kuwa asparajini. Molekuli hizi hazikugawanyika sawasawa duniani, hivyo virusi vinavyozunguka katika jamii fulani hubeba alama za kinga ya watu wake. Huwezi kuzijua alama hizo kwa kusoma virusi vya jamii nyingine.

Na bado tumezoea kufanya hivyo. Aina ndogo C hubeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani, lakini utafiti mwingi wa mwanzo wa dawa na chanjo ulijengwa juu ya B, iliyoenea Marekani na Ulaya Magharibi, ambayo ni takriban asilimia 12 tu.

Gharama yake iliwahi kuonekana wazi. Mwaka 1994 iliripotiwa kwamba baadhi ya vipimo vya kingamwili vilishindwa kugundua maambukizi ya kundi O, tawi la VVU lililo mbali na aina ndogo hizo, linalopatikana hasa Kamerun na nchi jirani. Mtu aliambiwa hana virusi, naye anavyo. Kundi hilohilo mara nyingi huwa na sisteini mahali pa tirosini kwenye nafasi ya 181 ya kimeng'enya cha kunakili, hali inayovipa virusi vyake usugu dhidi ya dawa ya nevirapini kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza.

Kuzisoma protini za jamii isiyochunguzwa si kutafuta kirusi cha ajabu. Mara nyingi hupatikana aina ndogo inayojulikana, ila yenye mabadiliko yake, na hayo ndiyo mtengeneza kipimo, dawa au chanjo anapaswa kuyaona mapema. Wakati mwingine hupatikana kipya kabisa. Aina ndogo L ilithibitishwa mwaka 2019, kwa sampuli tatu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mbili zilikuwa za 1983 na 1990. Ya tatu, iliyokamilisha idadi inayohitajika ili kuitambua aina ndogo mpya, ilichukuliwa 2001, ikakaa miaka 18 hadi ilipowezekana kusoma vinasaba vyake vyote.