Je, wajua? Nani hulipa nauli Walt Disney World

Ukifika Walt Disney World, kule Florida nchini Marekani, utapanda basi, boti, treni ya reli moja na hata kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kutwa nzima, na hakuna atakayekudai nauli. Hakuna konda wala kadi ya kugonga mlangoni. Mgeni wa mara ya kwanza huona ni ukarimu. Lakini mafuta yananunuliwa, dereva ana mshahara wake, na matairi yanakwisha kama matairi mengine yote. Sasa nani analipa?

Sehemu kubwa analipa mgeni mwenyewe, kupitia kitanda anacholalia.

Eneo lile lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne kubwa za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998, na kati yake kumetapakaa hoteli, maziwa na misitu. Hoteli iliyo kilomita kadhaa kutoka kwenye lango haina mvuto kwa mama mwenye watoto watatu na hana gari, mpaka awe na uhakika kwamba asubuhi basi litakuja. Kwa hiyo basi ni sehemu ya chumba, kama kitanda na bomba la maji. Gharama yake imeshaingia kwenye bei ya usiku kabla mgeni hajafungua begi.

Ushahidi uko kwenye bei za hoteli zenyewe. Ile iitwayo Contemporary ina treni inayopita ndani ya jengo: umekaa ukumbini unakunywa kahawa, na juu yako treni inaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Hiyo, pamoja na Polynesian na Grand Floridian zilizo kwenye mzunguko huohuo wa treni, ni miongoni mwa hoteli za bei ya juu kabisa pale. Hoteli za All-Star, ambazo usafiri wake ni basi tu, ziko upande wa bei nafuu. Mgeni halipii shuka peke yake.

Kuna dalili nyingine ndogo ambayo mimi naiona inaeleza mengi. Disney Springs, mtaa wa maduka na migahawa, una maegesho ya bure. Kwenye bustani zenyewe, mtu asiyelala katika hoteli za kampuni hulipia kuegesha gari. Na kwa miaka mingi hakujakuwa na basi la moja kwa moja kutoka Disney Springs kwenda bustanini. Lingekuwepo, watu wangeacha magari kwa maduka bure na kudandia basi. Ramani ya mabasi imechorwa na mtu wa hesabu pia, si mtu wa usafiri peke yake.

Ugumu huanza pale watu wanapoongezeka. Bustani hujaa polepole asubuhi, lakini usiku, fataki zikishamalizika, maelfu huinuka kwa pamoja. Watoto wamelala mabegani, vigari vyao lazima vikunjwe kabla ya kupanda basi, na kila mtu anataka kuondoka dakika ileile. Usafiri hupimwa kwa saa hiyo moja.

Tufanye hesabu. Tuseme unataka kuhamisha watu 3,600 ndani ya saa moja. Kwa basi la watu 60, unahitaji mabasi 60, yaani moja kila dakika. Treni ya reli moja, inayobeba watu kama 360, itatosha ikipita kila baada ya dakika sita. Kivuko kinachokatiza ziwa la Seven Seas Lagoon hadi Magic Kingdom huchukua watu kama 600, kwa hiyo safari sita. Na vibanda vya waya, kila kimoja cha watu 10? Unahitaji 360, kimoja kila sekunde 10. Inasikika kama ndoto, lakini ndivyo vinavyofanya kazi, kwa sababu waya hausimami.

Usafiri huu wa waya, uitwao Skyliner, ulifunguliwa mwishoni mwa Septemba 2019 na una vibanda karibu 300. Kibanda kikiingia kituoni hujiachia kutoka kwenye waya, kikatambaa mwendo wa konokono huku mlango uko wazi na watu wanaingia, kisha kikaushika tena waya na kupaa. Mwenye kiti cha magurudumu ana njia yake ya pembeni, ambako kibanda husimama kabisa. Hakuna kiyoyozi, upepo unapita kwenye matundu. Udhaifu wake ni kwamba kibanda kimoja kikikwama, vyote vilivyo kwenye waya huo vinakwama. Tarehe 5 Oktoba 2019, siku chache tu baada ya ufunguzi, watu walikaa angani kwa takribani saa tatu.

Kwa nini hawakurefusha ile treni badala yake? Mara ya mwisho iliongezwa njia mwaka 1982, kufika EPCOT. Treni hiyo hukalia boriti ya zege yenye upana wa sentimita 66 hivi, na boriti hiyo lazima ijengewe nguzo njia nzima, na ikishajengwa haihamishiki. Basi halihitaji hayo. Ukifungua hoteli mpya unaongeza magari na kusimika kibao cha kituo. Bustani mbili zilizofuata zikapata mabasi. Tatizo ni kwamba basi linakaa foleni moja na magari ya wageni, isipokuwa palipo na njia yake, kama ile iliyotengwa kwenye barabara ya Buena Vista Drive.

Na barabara ni mfuko mwingine kabisa. Mwaka 1967 bunge la Florida liliunda mamlaka maalumu, Reedy Creek Improvement District, yenye uwezo wa kutoza kodi ya ardhi, kuuza hatifungani na kujenga barabara. Mlipa kodi mkuu alikuwa Disney, na mwenye sauti kubwa alikuwa Disney. Kwa njia hiyo hata majengo ya maegesho ya Disney Springs yalijengwa kwa mkopo nafuu wa umma. Mwaka 2023 jimbo lilibadili sheria, gavana akaanza kuteua bodi, na jina likawa Central Florida Tourism Oversight District. Juni 2024 Disney na mamlaka hiyo zikatia saini makubaliano yanayoruhusu hata bustani kubwa ya tano. Hiyo ikija, swali la mabasi litarudi na uzito wake wote.

Huko Anaheim, California, mji wenyewe ulikopa dola milioni 510 mwaka 1997 kuboresha eneo la Disneyland, pamoja na jengo la maegesho la magari kama 10,000 lililofunguliwa mwaka 2000. Deni lililipwa kwa kodi za hoteli na mauzo za eneo hilo, lakini ada ya maegesho ilikwenda kwa kampuni. Naamini wakazi waliolalamika walikuwa na hoja.

Ufaransa walitangulia na reli. Mkataba wa Machi 1987 uliifunga serikali kurefusha njia ya treni ya RER A kutoka Paris, na bustani ya Disney ya huko ilipofunguliwa Aprili 1992 treni ilikuwa tayari inafika. Mwaka 1994 ikaja treni ya kasi ya TGV. Ukishuka kituoni, lango liko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio bora kuliko yote.

Tokyo ndiko utakakolipa nauli. Tangu 2001 kuna treni ya reli moja inayozunguka kilomita tano na vituo vinne, inayoendeshwa na kampuni tanzu ya Oriental Land, wenye bustani. Madirisha na vishikio vyake vina umbo la kichwa cha Mickey, na kila aliyevishika amelipa kwanza. Wanaweza kutoza kwa sababu eneo ni dogo: ukishuka kwenye treni ya kawaida ya JR pale Maihama, unaweza kutembea hadi Tokyo Disneyland. Asiyetaka kulipa ana miguu. Florida, katikati ya misitu na barabara kuu, mgeni aliyekwisha kulipia chumba hana njia hiyo, na kumdai nauli mlangoni mwa basi kungekuwa kumtoza mara ya pili.