Kunoa kabla ya kuchonga

Vijana ninaowafundisha uchongaji wa vinyago hapa Mtwara huniuliza wafanye nini siku ambayo mkono ni mzito na fikra haziji. Ninaamini kwa dhati kwamba kazi ya ubunifu haingoji hamu, bali hujengwa na desturi ndogo inayorudiwa kila siku, na desturi bora ni ile iliyo sehemu ya kazi yenyewe. Kwa mchongaji, desturi hiyo ni kunoa.

Mpingo ni mgumu mno, na kiini chake cheusi hufifisha makali ya tezo na patasi upesi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaligusa gogo, hukaa chini, nikalowesha kinoo kwa maji, nikaipitisha patasi taratibu hadi tope jeusi litande juu ya jiwe na kidole kihisi mkunjo mwembamba wa chuma uliojitokeza upande wa pili. Ndipo huigeuza na kuuondoa. Wakati wote huo gogo liko mbele yangu. Macho hufuata mpaka kati ya kiini na sehemu ya nje iliyo nyeupe, hukagua ufa na vifundo, na mara nyingi umbo hujitokeza kabla sijamaliza kunoa.

Kuchemsha chai au kuwasha redio si vibaya, ila mambo hayo huweza kukamilika bila kazi kuanza. Mwandishi na anakili kwa mkono aya yake ya mwisho ya jana. Msukaji wa ukili na achane miyaa. Simu ikae mbali, na katika hilo sina mjadala.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, watu wakitofautiana kati ya siku 18 na 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuathiri sana mwenendo huo. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa sababu msimu wa korosho unapofika, wengi wa wanafunzi wangu hushinda shambani wakiokota na kurudi wamechoka. Siwadai kinyago kipindi hicho. Nawataka wabaki na patasi moja na kinoo nyumbani, wainoe baada ya chakula cha jioni, hata kama hawatachonga chochote hadi mavuno yaishe.