Macho ya chumba cha upasuaji: maswali kuhusu daktari bingwa bobezi wa picha za moyo

Mama ameambiwa valvu ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu, imebana na itazibuliwa kwa upasuaji wa tundu dogo. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, alishapigwa. Kwa nini siku yenyewe kuna tena daktari wa picha?

Kwa sababu kifua hakifunguliwi. Daktari anayeingiza katheta, yaani mrija mwembamba, anapitia mshipa wa paja, na hauoni moyo kwa macho yake. Eksirei inamwonyesha waya na katheta vizuri, lakini nyama ya moyo na valvu vinabaki kivuli tu. Anayeviona ni yule aliyeshika kifaa cha eko.

Chukua hatua moja: kutoboa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo, ili katheta ivuke kutoka kulia kwenda kushoto. Ncha ya sindano inapougusa ukuta huo, unabonyea kama turubai la hema linalosukumwa kwa kidole. Daktari wa picha anakiona kibonyeo kwenye skrini, anakikagua juu na chini, kisha mbele na nyuma, ndipo anasema "toboa" au "shuka kidogo". Ikienda mbele mno, huko iko aota, mshipa mkuu wa damu. Ikienda nyuma mno, sindano inaweza kutokea nje ya moyo. Milimita chache tu ndizo zinazotenganisha mahali salama na hatari.

Kabla ya hapo anatafuta nini?

Kwanza, damu iliyoganda. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ikibana, damu inatuama katika chumba cha juu cha kushoto, hasa kwenye kijifuko chake cha pembeni, na inaweza kuganda humo. Katheta ikiligusa bonge hilo, likang'oka na kwenda kwenye ubongo, mgonjwa anapata kiharusi. Eko ya kawaida ya kifuani hukionyesha kijifuko hicho kwa shida, ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwa kifaa kinachoshushwa ndani ya umio, ambao uko nyuma kabisa ya moyo. Bonge likionekana, kazi inaahirishwa na mgonjwa anapewa dawa za kuzuia damu kuganda.

Pili, hali ya valvu yenyewe. Tangu 1988 madaktari wanatumia alama za Wilkins: valvu inachezaje, imekuwa nene kiasi gani, imejaa chokaa kiasi gani, na kamba zinazoishikilia zimekakamaa kiasi gani. Kila kipengele kina alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 8 au chini, puto linalopitishwa kwa katheta na kutanuliwa ili kuizibua valvu kwa kawaida hufanya kazi vizuri.

Mtu anasomea wapi kazi hii, na kwa muda gani?

Njia ni ndefu. Kwa Tanzania ni shahada ya udaktari miaka 5, mwaka wa mafunzo kazini, ubingwa wa magonjwa ya ndani miaka 3, kisha ubingwa bobezi wa moyo. Juu ya hapo ndipo yanakuja mafunzo ya picha za upasuaji wa tundu dogo, mara nyingi mwaka mmoja au miwili katika hospitali yenye wagonjwa wengi. Huko anajifunza eko ya pande tatu, na kupima valvu kwa CT skani: kwa wagonjwa wanaowekewa valvu mpya ya aota, ikiwa ndogo, damu inavuja pembeni, ikiwa kubwa mno, inaweza kupasua njia ya damu.

Mimi naona ugumu mkubwa zaidi uko kwenye kuzungumza. Picha anayo yeye, mkono unaosukuma katheta ni wa mwenzake, na lazima waelewane kwa maneno mawili matatu bila kubahatisha.

Hicho kifaa cha kwenye umio kinaumiza?

Kinakera, hasa kinapopita kooni. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi na mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Asile chakula kwa saa 6 kabla. Waambieni madaktari mapema kama ana meno ya bandia, au kama chakula humkwama anapomeza. Dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake, aulize. Na kama mgonjwa ni mjamzito, semeni tangu mwanzo. Wanawake wengi hugundua valvu imebana wakati wa ujauzito, mwili unapodai damu zaidi, na eko nzuri husaidia kupunguza eksirei.

Puto likishatanuliwa, nani anasema inatosha?

Daktari wa picha, wakishauriana na mwenzake. Puto hutanuliwa kwa hatua. Baada ya kila hatua anapima njia imefunguka kiasi gani: ya kawaida ni sentimita za mraba 4 hadi 6, na ikifika 1.5 au chini, imebana sana. Halafu anawasha rangi kwenye skrini kuona kama damu imeanza kurudi nyuma. Ikiwa inarudi kidogo tu na njia bado ni nyembamba, puto linatanuliwa tena. Ikiwa inarudi kwa wingi, wanaishia hapo, hata kama njia haijafunguka walivyotaka.