Kufundisha kwa kuanzia utamaduni wa mwanafunzi maana yake nini?

Wengi wakisikia utamaduni darasani akili inakimbilia ngoma na mavazi, siku moja ya mwaka watoto wanapendeza wanapigwa picha, kesho yake mifano ni ileile ya kitabuni. Ile ni sherehe, na sherehe ni nzuri, ila sio dhana yenyewe.

Dhana yenyewe ni kwamba mtoto haji shule kichwa kitupu. Anakuja na lugha yake, namna walivyozoea kwao kuhesabu, kusimulia, kumuuliza mkubwa swali, kujifunza kazi kwa kutazama, na mwalimu anavichukua hivyo vyote anavifanya ngazi ya kumpandisha kwenye somo jipya.

Kuna utafiti wa Recife, Brazili, ulichapishwa 1985, mimi kila nikiufikiria unaniuma. Watafiti walienda mtaani kwa watoto wanaouza vitu, wakajifanya wateja wa kawaida. Dogo mmoja wa miaka 12 anauza nazi, moja kruzeiro 35 (pesa ya Brazili ya wakati huo), akaulizwa kumi ni bei gani. Shule ingemwambia ongeza sifuri mwishoni basi, yeye akaenda kivyake: tatu ni 105, tatu zingine inakuwa 210, tatu tena 315, imebaki moja, 350. Kapata! Walikuwa watoto watano tu, lakini mtaani majibu yao yalikuwa sahihi kama asilimia 98, halafu hesabu za aina hiyohiyo zilipoletwa kwenye karatasi kavukavu, namba tupu, wakashuka hadi kama 37. Akili ni ileile jamani, kilichokosekana ni daraja kati ya nazi na karatasi, na mwalimu asiyejua habari za nazi atamwandika huyo mtoto kuwa hajui hesabu.

Sasa mwalimu atajuaje? Anaenda kuuliza. Kule Tucson, Arizona, Marekani, kwenye utafiti uliochapishwa 1992, walimu walitembelea nyumba za wanafunzi wenye asili ya Meksiko, na hawakwenda kulalamika kwamba mtoto hafanyi homuwaki, walikwenda wao ndio wajifunze. Wakakuta familia zinajua kilimo, biashara, ujenzi, dawa za miti. Mwalimu mmoja akagundua mwanafunzi wake anauza pipi za Meksiko, akajenga masomo kabisa juu ya pipi, na mzazi mmoja akaja darasani kuonyesha zinavyotengenezwa. Hebu fikiria mtoto anamwona mama wa mtaani kwao amesimama pale mbele anafundisha.

Gloria Ladson-Billings, mtafiti wa elimu wa Marekani, ambaye mwaka 1995 aliiweka dhana hii vizuri, anataka vitu vitatu: mtoto afaulu masomo, asipoteze utamaduni wake, na ajifunze kuhoji yasiyo haki kwenye jamii. Hilo la kwanza watu hulisahau, wanadhani ni kumlegezea mtoto, hapana, hesabu inabaki hesabu na mtihani upo palepale.

Kosa la kuogopa ni kubahatisha kwa jina au kabila la mtoto, eti huyu ni wa jamii fulani basi lazima anajua mifugo, kumbe kazaliwa ghorofani na baba yake ni fundi simu. Muulize yeye, nyumbani huwa mnafanya nini jioni, nani kakufundisha, halafu kaa usikilize.