Oksijeni Ilizalishwa Mapema, Ikakawia Kujaa

Kwenye droo yangu ya kazi nina kipande cha mwamba kutoka Witwatersrand, Afrika Kusini. Ukikigeuza kwenye mwanga utaona punje za pairiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao unaofanana na wa dhahabu. Punje hizo zimelainika zikawa duara, kama kokoto zilizoburutwa na mto kwa muda mrefu. Mto wa leo usingeweza kuzifanya hivyo. Pairiti ikikaa kwenye maji yenye oksijeni huliwa, ikabaki kutu na asidi. Mto ule, zaidi ya miaka bilioni 2.7 iliyopita, ulipita chini ya anga isiyo na oksijeni ya kutajika.

Wengi hudhani habari yenyewe ni fupi: sianobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua) walianza usanisinuru, wakapasua molekuli za maji, oksijeni ikajaa angani. Mimi naona swali gumu ni kwa nini ilibaki. Kiumbe anapotengeneza sukari hutoa oksijeni. Akifa na kuoza, uozo huo huitumia oksijeni ileile yote. Hesabu inarudi sifuri. Ziada hupatikana pale tu mabaki yanapofunikwa na tope kabla hayajaoza, na hata leo sehemu inayozikwa hivyo haifiki asilimia 1. Tunapumua kwa sababu ya tope la baharini.

Ziada hiyo nayo ilikuwa na wadai. Volkano zilitoa haidrojeni na gesi nyingine zinazoungana na oksijeni, na bahari ilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka. Miamba ya Hamersley, magharibi mwa Australia, ina matabaka mekundu na ya kijivu yaliyopangana kama kurasa za kitabu: ni chuma hicho kilichotua chini ya bahari. (Tusikimbilie kusema yote ni kazi ya oksijeni, wapo bakteria wanaoweza kukioksidisha chuma, yaani kukifanya kitue kama kutu, kwa mwanga wa jua bila kuzalisha oksijeni kabisa.)

Tarehe ya oksijeni kuanza kujaa angani tuliipata kwenye salfa. Mwaka 2000, mwanajiokemia James Farquhar na wenzake walionyesha kwamba isotopu za salfa (atomi za salfa zenye uzito tofauti) katika miamba ya kale sana zina uwiano wa ajabu, unaotokea miali ya urujuanimno inapopiga gesi za salfa kwenye hewa isiyo na oksijeni. Kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 hivi iliyopita, alama hiyo inafutika.

Kwa viumbe wengi wa wakati huo oksijeni ilikuwa sumu. Waliosalimika walijificha kwenye matope, na jamii zao wengine wamo matumboni mwetu hadi sasa. Huenda pia oksijeni iliteketeza methani iliyokuwa ikiipasha Dunia joto, maana barafu kubwa ilitanda karibu na kipindi hichohicho.

Walioizoea oksijeni walipata nguvu. Molekuli moja ya glukosi ikichachushwa bila oksijeni huipa seli ATP 2 (ATP ni molekuli inayobeba nishati ndani ya seli). Kwa oksijeni, karibu 30. Mitokondria ndani ya seli zetu ni wazao wa bakteria waliomudu kazi hiyo, wakaingia katika seli nyingine wasitoke. Juu angani, oksijeni ilitengeneza ozoni, ikapunguza makali ya urujuanimno.

Hata hivyo wanyama hawakutokea. Oksijeni ilidumu chini kwa zaidi ya miaka bilioni moja, hadi ilipopanda tena kati ya miaka milioni 800 na 540 iliyopita. Asilimia 21 ya leo ni jambo la juzi.

Kipande changu nakihifadhi kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Hata hivyo, wiki iliyopita nimeona unga mweupe kwenye ufa mmoja: pairiti imeanza kuoza.