Kachchh sio jangwa la mchanga, jamani

Kazi yangu ni kupanga safari za Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na Kachchh ni wilaya yake. Wateja wengi ni watu wa Dar, Mombasa na Nairobi, wengine babu zao walitoka huko, wengine wana maduka ya vitambaa wanataka kuona mzigo unapotoka, na karibu kila mtu akipiga simu wimbo ni uleule, ati nataka kwenda Kachchh nipande ngamia kwenye matuta ya mchanga. Matuta gani? Hizo picha unazoona kwenye simu ni Jaisalmer, Rajasthan, jimbo jingine kabisa. Kachchh ukitaka mchanga nenda ufukweni Mandvi, kuna ngamia wa kupanda pia, halafu ukimaliza pita pale mtoni uone mafundi wanaounda majahazi makubwa ya mbao mpaka leo.

Sasa tuelewane. Kachchh ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, zaidi ya kilomita za mraba 45,000, Rwanda nzima inaingia na nafasi inabaki. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni Rann, na Rann, iko Kubwa na iko Ndogo, ni tope na chumvi. Zamani ilikuwa mkono wa bahari, sasa ni tambarare ambayo karibu iko sawa na usawa wa bahari. Kuanzia Juni hivi kusi inavuma, kusi hiihii ya kwetu ikishavuka bahari, inasukuma maji ya chumvi yanaingia ndani, huku mito kama Luni na Banas inashusha maji ya mvua kutoka Rajasthan, na udongo wenyewe ni wa mfinyanzi haunywi maji, basi yanasimama tu, hayana kina lakini yanafunika mpaka macho yanachoka. Flamingo wanakuja kuzaliana humo kwa maelfu. Kuanzia Oktoba jua linaanza kuyakausha na chumvi inabaki juu, ndio ule weupe mnaoupenda.

Kwa hiyo swali la kwanza sio hoteli wala ngamia, ni mwezi gani unaenda! Mteja namwambia Januari, yeye anakwenda Agosti kwa sababu tiketi imeshuka bei, anakuta maji mpaka barabarani halafu analalamika kwamba nimemuuzia jangwa feki. Nenda Desemba mpaka Februari, chagua usiku wa mbalamwezi, beba sweta kwa sababu usiku ni baridi kweli, na kibali cha kuingia Rann nyeupe shughulikia mapema, iko karibu na mpaka wa Pakistan pale, sio sehemu ya kuingia kiholela.

Na hili neno "hakuna kitu kule" ndio linaniudhi zaidi, maana linatoka kwenye hiyohiyo habari ya jangwa. Katikati ya Rann kuna sehemu zilizoinuka wanaziita bet, yaani visiwa, na kwenye kimoja, Khadir, kuna Dholavira, mji wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita wenye mabwawa ya kuvunia mvua yaliyochongwa kwenye mwamba, UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia 2021. Kusini mwa Rann Kubwa kuna Banni, nyika ya majani, wafugaji wake wanaitwa Maldhari na nyati wao wa maziwa wanachungwa usiku, wanaondoka jioni wenyewe na asubuhi wanarudi kukamuliwa. Jangwa gani linatoa maziwa hivyo? Shida yao kubwa ni mti, Prosopis, ulipandwa miaka ya 1960 ati kuzuia chumvi isisogee, mifugo ikala maganda ikasambaza mbegu kwenye samadi, ukameza malisho. Watu wa Baringo wameshajua naongelea nini, ni mathenge huyohuyo. Wengine siku hizi wanauchoma mkaa, angalau unaingiza hela.

Haya mengine nayapitia haraka.

"Ni maskini watupu." Mundra na Kandla ni kati ya bandari kubwa kabisa za India, na ziko wilaya hii. Kijiji cha Madhapar karibu na Bhuj, makao makuu ya wilaya, kinasifika kwa amana za benki, hela za watoto wao walioko Uingereza na kwetu huku. Maskini wapo ndiyo, ukikutana na wavuna chumvi wa Rann Ndogo wanaokaa miezi kwenye ule mwanga mkali wa chumvi na pampu zao utajua, lakini usiiweke wilaya nzima kapu moja.

"Wanaongea Kigujarati." Shuleni na ofisini, sawa. Nyumbani ni Kikachchhi, ambacho kiko karibu zaidi na Kisindhi. Waulize wazee wa Mji Mkongwe.

"Wote Wahindu." Banni karibu wote ni Waislamu, na wapiga chapa wa vitambaa vya ajrakh pale Ajrakhpur ni Waislamu wa ukoo wa Khatri. Hicho kijiji chenyewe kilianzishwa baada ya tetemeko la Januari 26, 2001, maji ya kijiji chao cha zamani, Dhamadka, yalikuwa yameharibika na rangi zinataka maji mazuri.

"Walikuja Afrika na reli." Aisee! Reli ya Uganda imejengwa 1896 mpaka 1901 na vibarua wengi walitoka Punjab. Watu wa Kachchh walikuwa Zanzibar siku nyingi kabla ya hapo, miaka ya 1830 forodha ya Sultani Seyyid Said ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, familia yake ni ya Mundra, na Tharia Topan aliyekuja kuishika baadaye alizaliwa Kachchh hukohuko. Walikuja na majahazi.

"Bia nitapata hotelini." Gujarat pombe ni marufuku. Mgeni anaweza kupata kibali kwa kuonyesha pasipoti, ila duka lenye leseni sio kila mahali lipo, kwa hiyo malizana na hilo ukiwa mjini, usije ukanipigia usiku kutoka Dhordo, kijiji cha kule Rann nyeupe.