Je, wajua operata 4 za TX81Z zilipataje besi nzito kiasi kile?

Mwaka 1987 Yamaha walitoa TX81Z, sinthesaiza (ala ya kielektroniki ya kuunda sauti) ya dijitali isiyo na kibodi. Ni kisanduku cheusi cha kufungwa kwenye raki, kimo chake hakifiki sentimita 5, na hakitoi sauti mpaka ukiunganishe kwa kebo ya MIDI, inayopeleka maagizo ya noti, na kinanda au kompyuta. Ukisoma sifa zake tu, utaiona kama ndugu maskini wa DX7, sinthesaiza ya Yamaha ya mwaka 1983: DX7 ina operata 6 kwa kila noti, hii ina 4. Lakini sauti yake moja ya kiwandani, Lately Bass, ilitumika kwenye muziki wa dansi wa miaka ya 1990 hadi ikachosha.

Operata ni sehemu inayozalisha wimbi la sauti. Katika mbinu ya FM, aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, wimbi moja hulitikisa jingine kwa kasi kubwa mno. Sikio haliwahi kusikia mtikisiko huo. Linachosikia ni sauti mpya yenye makali zaidi. Operata za DX7 hutoa wimbi la aina moja tu, laini lisilo na kona, hivyo ukitaka ukali lazima uzipange nyingi zitikisane. TX81Z ilipewa maumbo 8 ya wimbi kwa kila operata. Wimbi lenye kona tangu mwanzo likitikisa jingine, operata 2 tu zinatosha kutoa sauti nene, inayokwaruza kidogo. Besi ile ilitoka hapo.

Udhaifu upo, tena si wa kuficha. Kutunga sauti mpya ni adhabu: kioo cha mistari 2, vitufe vichache, na unabonyeza ukurasa baada ya ukurasa kutafuta thamani moja. Mwenye akili timamu hutumia programu ya kompyuta. Kichujio cha kupunguza ukali wa sauti hakuna. Ukiifungulia sauti utasikia mvumo chini ya muziki, ingawa kwenye besi haunisumbui.

Kinachobana hasa ni noti. Inaweza kupiga ala 8 tofauti kwa pamoja, ila zote zinagawana noti 8. Kodi ya piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ikichukua 4, vinubi 3 na besi 1, basi zimekwisha. Noti ya 9 ikiingia, mojawapo ya zilizotangulia inakatwa, na ukikanyaga pedali ya kurefusha noti hali inakuwa mbaya zaidi. Mimi ningeiachia kazi ya besi peke yake.

Kuna jambo moja ambalo DX7 ya kwanza haikuliweza: TX81Z hukuruhusu kurekebisha tuni ya noti mojamoja, ukapiga skeli ambazo piano ya kawaida haina. Hifadhi tu kazi yako kwenye kompyuta, maana betri ya ndani ikifa, sauti ulizotunga zinafutika na zinabaki za kiwandani.